Shela ya Bibi na Maji ya Moto

Katika nyumba yetu hapa Maskati kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyetueleza asili yake: damu haiguswi na maji ya moto. Mtoto akitokwa na damu ya pua juu ya kanzu, sauti ya marehemu bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilisikika kutoka ukumbini hata kabla hajauliza hali ya pua yenyewe: "Maji baridi! Baridi!" Tulidhani ni ujuzi wa kawaida wa wanawake wa Unguja. Baadaye nilifahamu kwamba sheria hiyo ina tarehe.

Ilikuwa Jumapili, 12 Januari 1964, siku chache kabla ya kuingia Ramadhani, na mwezi mmoja na ushei tu tangu uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Bibi alitoka nyumbani na watoto wake akiwa amejitanda shela ya hariri ya rangi ya maziwa, aliyonunuliwa Darajani kwa harusi yake. Hakuivaa kwa fahari; ndiyo iliyokuwa juu kabisa katika sanduku la njumu. Njiani ami yangu, wakati huo mtoto wa miaka tisa, alipenya uani kwa watu na bati likamchana kichwani. Bibi akamfunga kwa shela ile.

Aliyewafungulia mlango ni mama mmoja wa Ng'ambo ambaye siku zote alimuuzia bibi maandazi. Aliwaficha siku tatu. Usiku wa kwanza aliteleka birika, akaosha jeraha, kisha akaitumbukiza shela katika beseni lile lile, maji yakifuka moshi. Bibi aliona, naye alijua. Hakusema neno, kwa kuwa mtu aliyekufungulia mlango siku kama ile humkosoi jinsi ya kufua.

Damu ina protini ambazo zikiwa mbichi huyeyuka katika maji baridi. Joto huzigandisha kama yai linavyoganda sufuriani, zikashikamana na uzi. Na hariri yenyewe ni protini, kazi ya kiwavi, ndiyo maana tiba yake ni ngumu kuliko ya pamba. Doa bichi huwekewa kitambaa kikavu kwa chini, likadondoshewa maji baridi yenye chumvi kidogo, likabanwa taratibu bila kusuguliwa wala kukamuliwa. Dawa za klorini huila hariri. Hata sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuvunja protini, zinazosifiwa sana kwa madoa ya damu, hazitofautishi damu na nyuzi.

Shela ilipitia Mombasa na Dubai, ikafika Maskati baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia milango watu wetu wa Unguja. Mwaka jana binamu yangu alileta sabuni ya aina hiyo, akitaka binti yake aivae harusini. Nilimzuia. Kwanza kwa ajili ya kitambaa, ambacho mahali pa doa kimekuwa kikavu kama jani la mkungu. Pili, nakiri, kwa ajili ya doa. Katika ukoo wetu vijana wamekwisha kusimulia kwamba lile ni jeraha la upanga, na wengine humwua kabisa mwenye jeraha. Sioni haja ya kuongeza. Siku zile zilikuwa na mapanga ya kutosha, na walio na misiba ya kweli wanajulikana.

Tukampelekea ami mwenyewe, ambaye sasa ni mzee wa Al Khuwair. Aliinama, akapitisha kidole juu ya doa, kisha juu ya kovu lake.

"Bati," alisema. "Na yule mama alinipa mkate wa kumimina. Kipande kizima, peke yangu."