Kutoka inchi 80 hadi 127: Historia ya kurefusha Land Rover

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover, na magari ya rika mbalimbali yakamiminika barabarani. Ukiyatazama magari hayo kwa jicho la fundi, utaona kwamba sura ni ya ukoo mmoja ila urefu haulingani. Iko fupi ya milango miwili, iko ndefu ya kubebea abiria, na iko ndefu zaidi yenye kabini ya milango minne na bodi la mizigo nyuma. Kila urefu una mwaka wake na sababu yake, na historia hiyo ina somo kwa yeyote anayekata chasisi leo.

Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep ya vita katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Jeep ilikuwa imechakaa, na Uingereza haikuwa na gari la kuziba pengo lake. Yeye na kaka yake Spencer, aliyeiongoza kampuni, wakaamua kuliunda. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, hivyo likarithi vipimo vyake: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 80, yaani sentimita 203. Land Rover ilioneshwa rasmi Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na kipimo hichohicho.

Gari fupi hupenya porini. Hukata kona mahali pembamba, na huvuka tuta bila tumbo kugusa chini. Lakini wakulima, majeshi na serikali za makoloni walitaka kupakia watu na mizigo zaidi. Mwaka 1954 Rover ikatoa mbili mahali pa moja: fupi ya inchi 86 na ndefu ya inchi 107. Miaka miwili baadaye zikawa 88 na 109. Inchi hizo mbili za mwisho hazikumwongezea abiria chochote. Ziliwekwa mbele, kwenye nafasi ya injini, kwa sababu injini ya dizeli ilikuwa njiani na isingeenea.

Baadaye urefu ulitawaliwa hata na kodi. Ile ya inchi 109 ilipotolewa na viti 12, sheria ya Uingereza iliihesabu kuwa basi dogo, na mnunuzi akaepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa kwa magari madogo.

Urefu ukibadilika, cha kwanza kudai haki yake ni propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Ukiongeza chasisi nyuma ya giaboksi, propela ya nyuma lazima irefuke kwa kiasi hichohicho. Kila mwisho wa propela una krosi, kiungo kilichoelezwa na Mwingereza Robert Hooke tangu karne ya 17. Krosi moja ikiwa imepinda haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha na kupunguza. Dawa yake ni krosi mbili zenye pembe sawa na zilizopangwa katika mstari mmoja, ili ya pili ifute kosa la ya kwanza. Fundi akiirefusha propela bila kupanga krosi hizo, gari litatetemeka na beringi zitakufa mapema.

Kuna hatari nyingine. Bomba refu la propela likizunguka kwa kasi huanza kupinda katikati na kuyumba. Bomba la unene uleule likirefushwa mara mbili, kasi inayoleta hatari hiyo hushuka hadi robo. Ndiyo maana magari marefu mengi hugawa propela vipande viwili na kuweka senta beringi katikati.

Springi nazo zina historia yao. Land Rover za mwanzo zilikaa juu ya springi bapa za tabaka, imara lakini ngumu mgongoni. Springi hizo hufanya kazi mbili: hubeba uzito, na huishika ekseli isiende mbele wala nyuma. Mwaka 1970 ikaja Range Rover, iliyoundwa chini ya uongozi wa Spen King, mpwa wa akina Wilks. Ilikuwa na inchi 100 na springi za koili zenye kushuka na kupanda sana. Koili hubeba uzito tu, kwa hiyo ekseli ilihitaji mikono ya chuma ya kuishika. Mwaka 1983 ufundi huo ukahamia kwenye Land Rover ya kazi, One Ten, yenye inchi 110. Gari la mizigo likapata ulaini ambao lilikuwa halijawahi kuwa nao.

Miaka hiyohiyo ya 1980 kiwanda chenyewe kilifanya kile ambacho gereji zetu hufanya. Ili kupata gari la inchi 127, chasisi ya One Ten ilikatwa vipande viwili, kikapachikwa kipande cha inchi 17, na vyote vikaunganishwa kwa kuchomelea. Kwa hiyo kukata chasisi si uhuni. Ni ufundi halali, mradi anayekata amepiga hesabu ya kila kitu kinachopita juu ya ule mkato.

Ufundi huo sasa uko kwetu. Gereji za Arusha na Nairobi hurefusha magari ya utalii, siku hizi hasa Toyota Land Cruiser, ili watalii wakae kila mmoja na dirisha lake chini ya paa linalofunguka. Chasisi inakatwa, inaongezwa, inatiwa bamba za kuimarisha. Propela, mabomba ya breki, bomba la mafuta, waya za umeme na kebo ya hendibreki vyote hurefushwa. Springi na shokapu huongezewa nguvu, kwa sababu viti vipya ni uzito mpya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari hukaa miaka mingi kwenye makorongo ya Serengeti. Ikifanywa kwa papara, ufa huanzia kwenye weldingi, na atakayeuona wa kwanza ni dereva aliye na wageni, mbali na msaada.

Mafundi wetu wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, na wanastahili pia kudaiwa viwango. Mwenye kampuni ya utalii, kabla hujalipa, ingia chini ya gari. Uliza propela imesawazishwa wapi, springi zimechaguliwa kwa uzito gani, na breki zimejaribiwa gari likiwa limejaa au tupu. Fundi anayejua kazi yake atakujibu bila kusita. Asiyeweza kujibu usimkabidhi chasisi yako.