Kuvu inayowaangamiza nyoka

NYOKA ni kiumbe asiyependwa na wengi, na kifo chake aghalabu hupokewa kwa shangwe. Huenda ndiyo sababu maradhi ya ngozi yanayoletwa na kuvu yalichukua muda mrefu kutambuliwa miongoni mwa nyoka wa Marekani.

Mnamo 2006, watafiti katika jimbo la New Hampshire waliona vidonda visivyo vya kawaida kwenye nyuso za nyoka wenye sumu ambao hutikisa ncha ya mkia ikalia mithili ya njuga. Hilo ndilo lililokuwa kundi la pekee la nyoka hao lililosalia katika jimbo hilo. Kufikia 2007, lilikuwa limepungua kwa karibu nusu. Wataalamu walitaja pia mvua nyingi za wakati huo na udhaifu utokanao na kuzaliana kwa ndugu wa karibu.

Kuvu hiyo, ambayo leo huitwa Ophidiomyces ophidiicola, ilielezwa kisayansi mnamo 2009. Majaribio yaliyochapishwa 2015 yalithibitisha kuwa ndiyo chanzo cha maradhi hayo. Hula keratini, protini inayounda magamba, na yaweza kuishi udongoni.

Dalili zake ni vigaga, ngozi ngumu, uvimbe wa kichwa na macho yenye utando. Nyoka aliyeambukizwa hujivua gamba mara kwa mara, na hutoka mafichoni kuota jua hata majira ya baridi. Huko hunyakuliwa na maadui au hufa njaa.

Mnamo 2017, watafiti waliripoti kuvu hiyo kwa nyoka mwitu wa Uingereza na Jamhuri ya Cheki. Hata hivyo, uchunguzi wa nyoka waliohifadhiwa katika makavazi ulionyesha kuwa maradhi hayo yalikuwako Marekani tangu 1945. Kilichokosekana ni jicho la kuyafuatilia.

Ufuatiliaji huo si mgumu. Ngozi ya nyoka hupanguswa kwa pamba, kisha sampuli hupimwa chembe za urithi za kuvu katika maabara. Watafiti nao hutakiwa kusafisha viatu na vifaa kwa dawa kabla ya kuhamia eneo jingine, na nyoka wa kufugwa hawafai kuachiliwa porini.

Hakuna ushahidi kuwa kuvu hiyo humdhuru binadamu. Hasara yake ni nyingine: nyoka wakitoweka, panya hupungukiwa na adui.