NAIROBI HADI JEDDAH: MASAA MANNE YALIYOKUWA MIEZI

Wewe uliyeko Tuala, Rongai au Kitengela wazisikia ndege kila siku zikielekea uwanja wa Jomo Kenyatta, ng'ambo ya mbuga. Je, umewahi kujiuliza Jeddah, mlango wa Makka, iko mbali kiasi gani? Kwa njia ya angani ni kama kilomita 2,570. Ndege isiyotua njiani huchukua masaa manne hivi. Hata saa yako ya mkononi huna haja ya kuigeuza, maana saa za Nairobi na Jeddah ni sawa.

Sasa hebu turudi nyuma kidogo.

Wazee wa pwani walikwenda Hijja kwa jahazi. Kutoka Mombasa kupitia Aden hadi Jeddah ni zaidi ya kilomita 4,000 za bahari. Lakini kilichowachelewesha zaidi ni upepo. Kusi, inayoanza mwezi wa Aprili hivi, ndiyo iliyowapeleka Arabuni. Kaskazi, ya Disemba hadi Machi, ndiyo iliyowarudisha. Kusi ikikaza, Juni na Julai, bahari huchafuka na manahodha walikaa bandarini. Ukikosa msimu, wangoja.

Na pepo hufuata mwaka wa jua, ilhali Hijja hufuata mwezi na kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi. Kuna miaka viwili hivyo viliafikiana, na kuna miaka haji alilazimika kuondoka kwao miezi mingi kabla.

Ibn Battuta alipokuja kwetu mwaka 1331, alitumia siku 4 kutoka Aden hadi Zeila, kisha siku 15 hadi Mogadishu, ndipo akafika Mombasa na Kilwa. Huko Kilwa alimkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman. Tarikhi ya Kilwa yasema Sultan huyo, alipokuwa kijana akienda Hijja, alikaa Aden miaka miwili akisoma. Yaani safari yenyewe ilikuwa madrasa!

Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na 1872 meli za moshi zikaanza safari za Aden na Zanzibar bila kungoja msimu. Reli ikafika Nairobi 1899. Uwanja wa Embakasi ukafunguliwa 1958.

Lakini kasi nayo ina mambo yake. Ndege huenda kama kilomita 900 kwa saa, yaani 15 kila dakika. Ukisinzia dakika kumi, miqat inaweza kukupita. Ndiyo maana mahujaji wengi huvaa ihram kabla ya kupanda, wakatia nia rubani anapotangaza. Na ukisafiri Ramadhan, ruhusa ya msafiri kula (Al-Baqara, 185) ingalipo hata kama kiti chako ni laini. Ukiamua kufunga, utafuturu jua likituka pale ulipo wewe angani, si lilipotua Tuala.

Ndugu yangu, haji wa jahazi hakujua kama atarudi. Kwa hivyo alilipa madeni, akaandika wasia, akaomba radhi kwa jirani. Masaa manne hayakuyaondoa hayo. Na kinachotuzuia wengi leo ni nauli, wala si upepo. Basi kijana, usingoje uzee: anza kuweka akiba Ramadhan hii, hata kama ni kidogo, na deni ulilo nalo lilipe sasa.

Wabillahi tawfiq.