Likizo Yangu Mazimbu, 1982

Ndugu zangu mliosoma nami, na ninyi vijana mnaolala sasa katika mabweni yetu: Mhariri ameniomba niandike juu ya walimu wa kujitolea kutoka nchi za nje. Nitawaeleza wale niliowaona kwa macho yangu, karibu kabisa na mji wa Morogoro.

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi hiyo, kiwajengee shule vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto, yaliyoanza tarehe 16 Juni, 1976. Masomo ya sekondari yalianza 1978. Mwaka uliofuata Makaburu walimnyonga kijana Solomon Mahlangu, na shule ikapewa jina lake. Walimu hawakutosha, hivyo wakaja wa kujitolea kutoka Uholanzi, nchi za Skandinavia na kwingineko, wakafundisha bega kwa bega na wakimbizi wenyewe waliokuwa na elimu.

Mimi nilikwenda wakati wa likizo, mwaka 1982, kubeba matofali. Siwafichi, nilikwenda na kinyongo. Mwaka ule sabuni ilipatikana kwa foleni, na daftari moja tuliliandikia masomo mawili, moja kuanzia mbele, jingine kuanzia nyuma. Na hawa walioitwa watoto wa kusaidiwa walikuwa na viatu na nguo zilizotoka Ulaya kwa meli! Nikajiuliza, wa kuhurumiwa hapa ni nani hasa?

Mwalimu mmoja Mholanzi, mama mpole ambaye malaria ilimlaza mara kwa mara, aliniomba nimfundishe Kiswahili cha sokoni kijana mmoja wa rika langu. Jioni moja nilimwambia kijana yule kwamba nimemwandikia mama barua kumjulisha siku nitakayofika nyumbani. Akaniuliza barua huchukua siku ngapi. Nikamjibu, kama wiki moja. Yeye hakuwa amemwandikia mama yake tangu alipotoroka, maana barua ingewapeleka polisi mlangoni kwake. Hata jina tulilomwita halikuwa alilopewa na wazazi wake.

Kesho yake nilibeba matofali mengi kuliko siku zote.

Likizo ilipokwisha nilipanda basi kwenda kwetu. Mwalimu naye, mkataba wake ulipomalizika, alipanda ndege kwenda kwao. Kati yetu watatu, yule kijana peke yake ndiye hakuwa na pa kurudi.

Mwaka 1992 ANC ilikabidhi majengo yote kwa Serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yenye jina lilelile la Mahlangu. Makaburi ya waliofia hapo bado yapo. Nimewahi kupita safu kwa safu nikisoma majina. Lakini jina ninalolijua mimi silo alilozaliwa nalo, basi sikujua nitafute lipi.