Mtambo Bila Fundi

Ndugu askari wa Jeshi na Polisi, kila mmoja wenu anajua kwamba bunduki isiyosafishwa humsaliti mwenyewe siku ya mapambano. Hospitali nazo zina silaha zake: hadubini za maabara, mitambo ya eksirei, mashine za kupumulia, vyombo vya upasuaji. Historia ya silaha hizo hapa Rwanda inatufunza kwamba kuwa na chombo ni jambo moja, na kuweza kukitumia ni jambo lingine.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza umma, yakauvunja pia mfumo wa tiba. Waganga na wauguzi waliuawa au walikimbia. Hospitali na zahanati ziliporwa. Misaada ilikuja kutoka nchi nyingi, nayo ilipokewa kwa shukrani. Lakini chombo cha msaada huja na vipuri vya kwao na maelezo ya lugha ya kwao. Siku kipuri kinapovunjika, mtambo wa thamani hugeuka kabati la kuwekea vumbi. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba katika Afrika kusini ya Sahara sehemu kubwa ya vifaa vya tiba, hata kufikia asilimia 70, ilikuwa imelala bila kazi.

Taifa letu lilijibu hatua kwa hatua. Mwaka 1998 iliundwa CAMERWA, bohari ya kununua dawa na vifaa kwa pamoja, ili kila hospitali isiende sokoni peke yake. Mwaka 1999 yalianza majaribio ya Mutuelle de Santé, kwa sababu mtambo hauna faida ikiwa mgonjwa hana uwezo wa kulipia kipimo. Mwaka 2005 sheria iliunda MMI, bima ya matibabu ya wanajeshi. Mwaka 2018 ikaundwa mamlaka ya kukagua chakula, dawa na vifaa vya tiba, ili soko letu lisiwe jalala la bidhaa hafifu.

Tutazame mfano wa jirani. Mwaka 2016, katika hospitali ya Mulago, Kampala, uliharibika mtambo mkongwe wa kutibu saratani kwa mionzi. Ulikuwa mmoja tu nchini Uganda, na wagonjwa waliutegemea kama uhai wenyewe. Wanyarwanda nao walikuwa hawana mtambo wa namna hiyo. Aliyehitaji mionzi alilazimika kuvuka mipaka. Mwaka 2019 tiba hiyo ilianza kutolewa Kanombe, katika Hospitali ya Jeshi, kwa mitambo miwili. Hospitali iliyojengwa kwa ajili ya askari ikawa kimbilio la raia pia.

Wapo wasemao kwamba maendeleo ni kununua mashine mpya kila mwaka. Hao wanasahau bei ya kuitunza. Mashine hudai umeme usioyumba, vipuri vilivyoagizwa mapema, na fundi aliye karibu. Ndiyo maana mafunzo ya mafundi wa vifaa vya tiba katika chuo cha IPRC Kigali yana uzito usiopungua ule wa mashine zenyewe. Mkataba wa kununua mtambo usiotaja vipuri wala mafunzo ni mkataba nusu, na atakayeilipa nusu iliyobaki ni mgonjwa.

Nanyi mnalijua hilo. Madaktari wa jeshi letu waliohudumu Bria, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuwa mbali na kila kiwanda na kila duka la vipuri. Mahali kama hapo, utunzaji wa kila siku ndio unaookoa majeruhi.

Basi nidhamu ile ile inayomfanya askari akague silaha yake kila asubuhi na iingie katika zahanati za kambini na hospitali za wilaya. Kifaa kiandikwe, kikaguliwe, kitengenezwe kabla hakijafa. Uhuru wa taifa katika tiba hauanzii bandarini, mahali makasha yanaposhushwa. Unaanzia mikononi mwa fundi anayejua kuyafungua.