Harambee ya 1972 na Bando ya Leo

Eti vijana wa Nyeri wanapenda kozi za mtandaoni kwa sababu ni wavivu, wanataka kusoma wakiwa kitandani. Historia inasema vingine. Mwaka 1972 babu zetu walichanga kwa harambee, ikazaliwa Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, ambayo Desemba 2012 ilipewa hati ikawa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Walitaka masomo yasogee karibu na shamba.

Hesabu bado ni ileile. Mwanafunzi wa diploma kutoka Othaya analipa karo, halafu chumba mjini, halafu matatu. Akibaki nyumbani, asubuhi anachuma majani chai, jioni anawasha simu, bando ikiwepo. Corona ilipofunga vyuo Machi 2020, wengi waliona kumbe inawezekana. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo mvuto huo naujua.

Lakini wale wazee walichangia chuo cha ufundi, mahali pa kushika mashine. Kuchomelea chuma hakuingii kwenye video. Ukimaliza kozi ya umakanika kwa simu tupu, cheti utapata, sawa. Mwenye gereji pale Karatina hatakisoma. Atakupa spana.