Msaidizi wa muuguzi Marekani: Ada ya mafunzo ni ya nani?

Katika nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani, anayemwogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani ili asipate vidonda vya kulala ubavu mmoja, mara nyingi si muuguzi bali msaidizi wake mwenye cheti. Kazi hiyo, inayofanywa pia na wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, ilitungiwa sheria ya shirikisho mwaka 1987.

Kanuni zake zinataka mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwamo 16 za vitendo chini ya usimamizi. Jimbo laweza kuongeza. California hudai saa za vitendo peke yake 100. Hufuata mtihani wa maswali na wa vitendo, kisha anayefaulu huandikwa katika daftari la jimbo. Humo humo huandikwa aliyethibitika kumdhulumu au kumwibia mgonjwa.

Msaidizi hupima joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kuinua watu wazima kutwa nzima huumiza mgongo, jambo ambalo matangazo ya vyuo ni nadra kulitaja.

Hayataji pia suala la ada. Aliyekwisha kuajiriwa, au kuahidiwa kazi, na nyumba inayolipwa kupitia mipango ya serikali ya Medicare au Medicaid hapaswi kutozwa fedha za mafunzo wala za mtihani. Aliyejilipia, akaajiriwa humo ndani ya miezi 12, anastahili kurejeshewa. Lakini anayekaa miezi 24 mfululizo bila kuifanya kazi hiyo kwa malipo hulazimika kuthibitishwa upya.